Hatua ya Sita

Aliyeshindwa huchagua kwanza. Ndiyo desturi ya Nyambiti, na wazee walioiweka hawakuwa wajinga: mshindi hapewi mnofu na mfupa kwa siku moja. Kwa hiyo Fundi Kwandu Luhende, ambaye mwaka uliopita umati ulimhama mpaka akabaki na mbuzi wawili na mama mmoja aliyesinzia, ndiye aliyeitwa mezani kwanza kuzikagua madabodi mpya, yaani vibao vikuu vya mashine.

Zilikuwa mbili, Swala na Nyati, zimelazwa juu ya gunia safi katika ghala la pamba la chama cha ushirika. Moja ingekwenda kwa Wagalu, kundi la Kwandu. Nyingine kwa Wagika, mahasimu wao tangu enzi za mababu. Mashindano yenyewe hayajabadilika sana. Makundi mawili hucheza ngoma saa ileile, uwanja uleule, yakitazamana, na linalovuta watu wengi ndilo lililoshinda. Hakuna jaji wala alama. Miguu ya watazamaji ndiyo inayohukumu. Kilichoongezeka ni mafundi na mashine zao, pamoja na sharti moja ambalo wakulima wa Nyambiti walilisimamia kidete: mashine ikimbizwe ikiwa imevaliwa na mtu, inamfanyia kazi anayoihitaji. Jembe la kuning'inia dukani hawalihesabu kuwa jembe.

"Chukua Swala, dada yangu," alisema Shija Nkuba, fundi wa Wagika, aliyeegemea mlango huku akitafuna karanga. "Usinionee haya. Wewe nitakushinda hata kwa kikokotoo cha muuza duka."

"Tafuna karanga zako, Shija. Mdomo wako ukijaa ndipo sisi tunapumzika."

Kwandu aliinyanyua Swala kwa vidole viwili. Nyembamba, nyepesi, na matundu ya kuchomekea ramu, vile vipande vya kumbukumbu, yamesogezwa ubavuni kabisa mwa prosesa, ili data isiwe na safari ndefu. Halafu akainyanyua Nyati, kwa mikono miwili. Ilikuwa nzito kama tofali la kuchoma. Njia zake za umeme, ishirini na nne, ziliizunguka prosesa pande zote, na shaba imetandazwa ndani tabaka juu ya tabaka. Ila matundu ya ramu yalikuwa mbali, na kwenye kazi hii umbali wa kidole kimoja ni mwendo wa kutosha.

Alifunga prosesa ileile na ramu zilezile kwenye Swala, kisha kwenye Nyati, akapandisha mwendo kupita ule wa kiwandani, hatua kwa hatua, jicho likiwa kwenye kioo cha kipimo. Swala iliwahi. Iliwahi sana. Lakini mstari wake ulitikisika: jibu la kwanza linawahi, la pili linawahi zaidi, la tatu linasuasua, la nne linawahi tena. Mstari wa Nyati ulikuja nyuma yake, umenyooka tangu mwanzo wa kioo mpaka mwisho.

"Inachelewa hiyo," Shija alisema.

"Inachelewa sawasawa kila mara."

"Kuchelewa ni kuchelewa, dada. Treni ikishaondoka haikuulizi umechelewa kwa utaratibu gani."

Karani wa chama alicheka mpaka akashika meza. Kwandu hakucheka. Alikuwa mwanamke mwenye kiburi, tuseme wazi, na yeye mwenyewe hakuwahi kukikana. Kiburi chake kilikuwa cha mtu ambaye waya aliofunga yeye haujawahi kurudishwa. Kitu kinachotikisika hakukipenda hata kikiwa na mbio za namna gani. Alifunga Nyati kwenye gunia, akaitia begani, akampita Shija mlangoni bila kumtazama.

*

Aliyeivaa mashine ya Wagalu mwaka huo alikuwa Masunga Gimbi, ambaye hakuna aliyemwita jina hilo. Alikuwa Manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma za kundi, na hata watoto wake walimwita hivyohivyo. Macho yake ya kuzaliwa yalizimika akiwa na miaka thelathini na tisa. Kwa miaka kumi na tisa iliyofuata aliona kwa mashine: kamera mbili ndogo kwenye fremu ya miwani, kiboksi cha ngozi kiunoni chenye madabodi, prosesa na ramu, na waya mwembamba uliopita nyuma ya sikio kwenda kwenye ubongo.

Aliona vizuri, tena kwa rangi. Tatizo lilikuwa kwamba aliona nusu sekunde baada ya jambo kutokea. Mtu anaweza kudhani nusu sekunde si kitu. Manju alimwagiwa chai mapajani kila wiki, kwa sababu alikiona kikombe kimejaa wakati chai imeshafurika. Alitoa mkono kuwasalimu watu ambao walikuwa wameshapiga hatua. Nyambiti walimtania kwamba anaishi jana, naye aliwajibu kwamba jana chakula kilikuwa bei rahisi.

Kuna jambo moja tu hakulifanyia mzaha. Katika ngoma ya Wagalu kuna mahali jembe hurushwa juu, linazunguka, na mdakaji hulipokea kwa mkono mmoja bila kuvunja mdundo. Kabla ya upofu, mdakaji alikuwa yeye.

"Nataka kulidaka jembe," alimwambia Kwandu siku alipokuja kupimwa. "Mara moja, mwanangu. Mbele ya watu."

"Utalidaka, Manju."

Aliahidi hivyo kwa kuwa hesabu ilimruhusu. Nyati ingefungwa kwenye kiboksi badala ya madabodi ya zamani, na mwendo ungepandishwa kwa hatua tisa, prosesa na ramu pamoja. Hatua ya sita, ucheleweshaji ungeshuka hadi robo sekunde. Hatua ya tisa ungeshuka chini ya sehemu moja ya kumi, na hapo Manju angeona kama mtu aliyezaliwa na macho yake. Joto lingepozwa kwa kimiminika cha buluu alichokichanganya mwenyewe na kukihifadhi kwenye kibuyu. Watu waliamini kibuyu kile kina dawa ya kuvuta umati, naye aliwaacha waamini.

Tatizo lilikuwa kwenye ramu. Ndani yake iliishi ramani ya Manju: miaka kumi na tisa ya mashine na ubongo kufundishana, kwamba mstari huu ni pua ya mkewe, kwamba kivuli kile ni shimo. Ramani ya namna hiyo hainakiliki. Inakua kila dakika, na ukiisimamisha uinakili, inakufa mikononi. Kuzihamisha ramu zenyewe kutoka madabodi moja hadi nyingine bila kuzikatia umeme kulimchukua Kwandu saa tatu na jasho la mwezi mzima. Ramu ikikimbizwa kupita uwezo wake husoma vibaya, kisha huandika tena kile ilichokisoma vibaya. Makosa machache madabodi huyasahihisha. Yakizidi, ramani inaharibika, na Manju anarudi gizani moja kwa moja.

Asubuhi ya mashindano, saa kumi na mbili na nusu, Kwandu alifanya jaribio la mwisho kwa ramu za akiba, zilizotoka kreti moja na zile za Manju na kutumika miaka ileile. Hatua ya saba: makosa mawili, yote yamesahihishwa. Hatua ya nane: alama tatu zilirudi tofauti na zilivyoandikwa, na madabodi haikuziona.

Tatu tu, kati ya mabilioni. Akarudia. Zikawa tatu tena.

Alikuwa bado ameinamia kioo Manju alipoingia, amevaa njuga tayari, uso umeng'aa kwa mafuta. "Vipi, Fundi wangu?"

Sasa, Wagalu wana mwiko wao. Asubuhi ya mashindano halitamkwi neno baya. Huulizi nani anaumwa, husemi ngozi ya ngoma imechanika, hata mvua ikinyesha unasema mbingu inacheza. Neno baya ni mkosi, na aliyelitamka hubebeshwa lawama za kushindwa mpaka anazeeka. Kwandu alikuwa ameusikia mwiko huo kabla hajajua kuhesabu. Isitoshe, mbuzi wawili wa mwaka jana walikuwa bado wanamkaa rohoni.

"Mambo safi, Manju," alisema, akazima kioo.

*

Saa nane mchana uwanja ulijaa mpaka kwenye miti ya uzio. Wagika upande wa machweo, Wagalu upande wa macheo, na katikati watu elfu na zaidi ambao bado hawajaamua. Ngoma zilianza pamoja.

Kwandu alichuchumaa pembeni, kishikwambi mapajani, waya mrefu ukienda hadi kiunoni kwa Manju. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kibuyu kilipoza, mstari ulinyooka. Hatua ya nne, Manju alianza kuwakwepa wachezaji wenzake bila kuguswa. Hatua ya tano, mama mmoja alimrushia ua, naye akageuka likiwa linatua. Watu walipiga kelele, wakasogea upande wa Wagalu kundi kwa kundi. Hatua ya sita, Kwandu alisikia watu wakilitaja jina lake, akanyoosha shingo kidogo ili lisikike vizuri zaidi. Ndivyo alivyokuwa.

Ndipo upande wa pili Shija alipoachia yake. Mchezaji wake alikuwa binti aliyezaliwa bila miguu, amesimama kwenye miguu ya chuma iliyoongozwa na Swala, na aliporuka, aliruka juu ya vichwa vya wapiga ngoma wake, akajipindua, akatua kwa kidole kimoja cha chuma. Nyambiti nzima ikaguna. Hata Kwandu aliguna. Kazi nzuri ni kazi nzuri. Umati ukaanza kuhama.

"Wanaondoka," Manju alisema. Alikuwa amemsogelea, anahema, miguu bado inashika mdundo. "Nawasikia. Panda, mwanangu."

Kwandu alipanda hatua ya saba. Kwenye kona ya kioo taa ndogo ya njano ikawaka: kosa moja, limesahihishwa. Ikawaka tena.

"Ngollo yuko tayari na jembe," Manju alisema. Ngollo alikuwa mrushaji wa kundi, kijana mwenye mikono mirefu, na kweli alikuwa amesimama katikati ya duara akilipima jembe uzito. "Panda mpaka tisa."

"Manju, kuna hatari kidogo."

"Bebe, wewe! Nilishasaini karatasi yako ya ridhaa. Macho ni ya nani?"

"Ni yako."

"Basi panda."

Kidole cha Kwandu kilikuwa juu ya kioo. Kila kitu kilimpa ruhusa: karatasi, desturi, mwenye macho mwenyewe, na umati uliokuwa ukimwagika upande wa pili kama mahindi kutoka gunia lililotoboka. Nani angemlaumu? Ramani ikiharibika, watu wangesema Manju alitaka mwenyewe. Na ingekuwa kweli, na hapo ndipo Kwandu alipojiona mwenyewe na kuona haya mpaka masikio yakawaka. Manju alitaka kwa sababu hakujua. Alisaini wiki iliyopita. Alama tatu zimetokea leo asubuhi, na aliyezificha ni yeye. Ruhusa aliyokuwa ameishika ilikuwa ya kupikwa, na mpishi alikuwa yeye.

Akashusha hadi hatua ya sita. Kisha akasimama, akainua mkono wake juu, akawaashiria wapiga ngoma wa Wagalu wanyamaze.

Hakuna aliyewahi kufanya hivyo. Ngoma ya mashindano haisimami. Hata mpiga ngoma akianguka, mwingine huipokea kabla vumbi halijatulia. Walisimama kwa mshangao tu. Ukimya ule upande wa Wagalu uliwafukuza watu kuliko kitu kingine chochote, wakakimbilia kulikokuwa na mdundo, wengine wakicheka.

"Umefanya nini?" Manju aliuliza.

"Asubuhi nilijaribu hatua ya nane kwa ramu za akiba," Kwandu alisema, kwa sauti iliyowafikia watu wote waliobaki. "Alama tatu zilipotea na Nyati haikuziona. Hatua ya tisa sikuthubutu hata kuijaribu. Ukipanda nane, huenda ukaona vizuri kuliko siku zote za maisha yako, na huenda kesho usimjue mkeo, au usione kabisa. Uliponiuliza, nilikwambia mambo safi."

Kamera mbili za Manju zilimtazama, na Kwandu alijua kwamba anauona uso wake wa robo sekunde iliyopita, wenye haya ileile.

"Ulinidanganya."

"Nilikudanganya."

"Kwa sababu ya mkosi?"

"Kwa sababu ya mkosi. Na kwa sababu nilitaka kushinda."

Manju alitema mate chini, si kwa dharau, bali kama mtu anayetafuta mahali pa kuiweka hasira yake. "Miaka kumi na tisa watu wananichagulia," alisema. "Shimo hili, ngazi ile, kaa hapa, chai ya moto. Nikadhani wewe angalau unaniuliza."

Kwandu alisimama wima tu, maana kuinama kungekuwa kumwomba amhurumie. "Sasa nakuuliza," alisema. "Unajua ninachokijua chote. Ukisema tisa, nitapanda tisa, na mkono wangu hautatetemeka. Ukisema shuka, nitashuka."

Upande wa pili umati ulipiga kelele. Binti wa Shija alikuwa ameruka tena. Waliobaki kwa Wagalu walikuwa kumi na mbili au kumi na tatu, wengi wao ndugu wa wachezaji. Manju aligeuza kichwa upande wa kelele, midomo ikitikisika. Kwandu alidhani anasali. Kumbe anahesabu mdundo.

"Sasa hivi niko ya ngapi?"

"Ya sita. Salama. Unachelewa robo sekunde."

"Robo. Hiyo robo inatikisika?"

"Haitikisiki."

"Jua likizidi? Nikiruka? Nikikasirika kama nilivyo sasa?"

"Manju," alisema Kwandu, na safari hii kiburi chake chote kilirudi mahali pake, "niliichagua mimi. Haitikisiki."

Manju alinyoosha mkono wake wa kulia mbele, akautazama, akausogeza, akautazama tena. "Basi tisa siitaki," alisema. "Mkosi wa kuipoteza sura ya mke wangu siuwezi. Jembe nikiliona liko juu ya kichwa, limeshafika kifuani. Kila mara kifuani?"

"Kila mara, akirusha kimo kilekile."

"Ngollo! Unaweza kurusha kimo kilekile?"

"Naweza hata nikiwa nimelala," Ngollo alijibu.

Ngoma zikaanza tena. Jembe la kwanza lilipaa, likazunguka, jua likalipiga bapa lake, na Manju akapeleka mkono pale alipoliona. Lilimpita, likachoma ardhi. Mtoto wa mtu akacheka. Jembe la pili alilipelekea mkono mapema mno, mpini ukampiga kwenye kifundo cha mkono, akasonya. Kwandu alitaka kusema kitu juu ya hesabu, akauma ulimi. Hesabu yake ilikuwa imeishia kwenye ule mstari ulionyooka. Kilichobaki kilikuwa kazi ya mwili wa mchezaji, na mwili ule ulikuwa na miaka kumi na tisa ya kuchelewa ambayo hakuna fundi angeweza kuielewa kuliko mwenyewe.

Manju alimwambia mpiga ngoma mkubwa aongeze pigo moja dogo katikati ya mdundo. Akacheza mzunguko mzima bila jembe, akiupeleka mkono kwenye pigo lile dogo, akiurudisha, akiupeleka. Kisha akampigia Ngollo mluzi.

Jembe la tatu lilikwenda juu kuliko nyumba. Manju hakulifuata kwa uso. Alipiga mguu, njuga zikalia, mkono ukaenda peke yake mahali ambapo macho yake yalikuwa hayajafika, na mpini ukatua kiganjani kwa mlio ambao Kwandu aliusikia mpaka kwenye meno. Mdundo haukuvunjika. Robo sekunde baadaye uso wa Manju ulijua, na kicheko kikampasuka kifuani.

Kwandu alipiga kigelegele. Hakikuwa kigelegele cha fundi mwenye staha; kilikuwa cha mtu aliyeshindwa mashindano mara mbili mfululizo na hajali. Alikuwa na fahari tele. Ng'ambo ya uwanja elfu nzima walikuwa wamembeba Shija juujuu, naye alistahili, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeona kilichotokea huku.

Manju alimjia, jembe mkononi, kifundo kimevimba. Alisimama karibu sana.

"Kesho nitakukasirikia," alisema. "Nitakukasirikia sawasawa, kwako, wazee wakiwepo, na utanisikiliza mpaka nimalize."

"Nitakusikiliza, Manju."

"Leo hapana." Akamkabidhi jembe. "Leo rusha wewe."

Kwandu aliweka kishikwambi chini, akarudi nyuma hatua kumi, Ngollo akampisha, na akalirusha juu kwa nguvu zake zote.